Mti wa Krismasi na jani la isale

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama ni kweli alivyosema mhubiri wenu, kwamba mti wa Krismasi ni upagani, na kama uutoe sebuleni kabla wanao hawajauzoea.

Mti tuliletewa na Wajerumani. Wamisionari wa Leipzig walifika huku Kilimanjaro mwaka 1893, na kwao kuingiza mti ndani ilikuwa desturi ya siku nyingi. Tarehe 25 Desemba nayo haimo kwenye Biblia. Roma walikuwa wanaiadhimisha kufikia mwaka 336. Wapo wanaosema ilichukuliwa kwenye sikukuu ya jua, wapo wanaosema walihesabu miezi tisa tangu 25 Machi. Wabishane. Mimi unanijua: Krismasi ni kurudi nyumbani. Hata Yosefu alirudi kwao kuhesabiwa.

Ila ukitaja mti, nakumbuka ule wa 1974. Babu yako alinituma nikakate kilele cha msaiprasi. Wa kwetu ulikuwa umepinda, basi nikavuka masale, ile mimea ya isale tunayopanda mpakani, nikakata wa Babu Mdogo, aliokuwa anautunza apate mbao. Tukabandika pamba, eti theluji, na Kibo iko pale dirishani na theluji yake! Nilifurahi, sikufichi. Jioni Babu Mdogo akaja, akasimama mlangoni akiutazama, akaondoka. Hata pombe ya mbege hakugusa.

Nikamwambia babu yako sikuujua mpaka. Alfajiri ya Krismasi akachuma isale, akaipiga fundo, akaenda kumwomba radhi mdogo wake. Kaka mtu, kwa kosa langu! Isale haikataliwi. Wakarudi pamoja, tukaenda kanisani, mchana tukala mbuzi. Mimi haikupita vizuri kooni. Ule mpaka niliujua, Neema. Pale hakuna mtoto asiyeujua.

Sasa isale nayo si ya kabla ya Leipzig? Tuitupe? Hapana, labda nachanganya. Jani la msamaha si sawa na mti wa mapambo. Lakini wazee wale wale walivibeba vyote viwili hadi kanisani... Haya. Sebule ni yako. Ningekuwa mimi, basi, tuache.

Ila Krismasi ni kurudi nyumbani. Kateni tiketi mapema, Desemba mabasi hujaa. Babu Mdogo ameshauliza mara mbili mko wangapi. Nami nataka kwenda kwake kabla hatujachinja. Isale nitachuma mwenyewe.

Baba yako