Maswali na majibu: "Hayupo" na "sijafika" si jibu moja

Nauza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, madeni nayaweka kwenye programu ya simu. Juzi nimemtafuta mteja wangu wa Kasulu, ikaniambia "Hakuna matokeo". Nikamsajili upya. Jioni nakuta yuko mara mbili, deni limegawanyika. Nimekosea wapi?

Hujakosea, mama. Inaelekea programu ndiyo iliyokudanganya, na jambo hili linaniuma kwa sababu hasara inakuangukia wewe.

Ukimtuma mtoto dukani kununua chumvi, anaweza kurudi na kusema "chumvi imeisha", au "duka limefungwa". Hayo ni majibu mawili, na kila moja lina hatua yake. Programu nyingi huyafanya kuwa moja. Mtandao ukikata njiani, utafutaji haufiki kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali yanakokaa majina. Lakini aliyeiandika programu ameacha hitilafu imezwe kimyakimya na kurudisha orodha tupu. Skrini ikiona orodha tupu, inaandika "Hakuna".

Siku nyingine, kabla hujasajili upya, mtafute kwanza mteja ambaye una hakika yumo, hata yule uliyemwandikia deni asubuhi hiyohiyo. Naye akikosekana, tatizo si jina, ni mtandao au seva. Subiri. Hilo deni lililogawanyika lijumlishe kwenye daftari la karatasi kwanza, kisha ndipo ufute jina la pili.

Natafuta kitu, kiduara kinazunguka tu. Nisubiri hadi lini? (Ujiji)

Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde 10 ndizo kikomo cha mtu kuendelea kukazia macho jambo analolisubiri. Zikipita, programu inapaswa kukuambia imefika wapi na kukupa kitufe cha kusitisha. Usibonyeze mara kumi, kaka. Kila mbonyezo unaweza kuwa ombi jipya, na seva nyingine hukufungia kwa muda na kukupa namba 429: umeomba mara nyingi mno.

Na hizi namba nyingine za hitilafu zinazotokea kwenye skrini, 404, 500, 503?

Zinazoanza na 4 zinasema ombi lenyewe lina kasoro. 404 ni kwamba ulichokiomba hakipo kwenye anwani hiyo. Zinazoanza na 5 ni za seva: 500 imekwama yenyewe, 503 haipatikani kwa sasa, mara nyingi imezidiwa au iko kwenye matengenezo. Piga picha ya skrini umtumie fundi. Ukimwambia "imegoma" tu, ataanza kubahatisha.

Shikamoo. Najifunza kuandika programu hapa Kigoma mjini. Ujumbe wa utafutaji ulioshindwa uandikweje?

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza swali ninalolipenda.

"Hitilafu imetokea" haimsaidii mtu. Sema nini kimeshindikana, kazi yake iko salama au la, na afanye nini: "Sikuweza kutafuta, mtandao umekatika. Jina uliloandika bado lipo. Bonyeza Jaribu tena." Na uhakikishe kweli umelihifadhi hilo jina, kumfanya mtu aandike upya kwa kosa lisilo lake ni kumkosea heshima.

Ukiwa umetafuta kweli na hukupata, onyesha kwamba ulitafuta: "Nimepekua wateja wote 212, hakuna Lukia. Yupo Rukia, ndiye?" Huku kwetu l na r hubadilishana kwenye majina kila siku, kwa hiyo utafutaji wako uzijue zote mbili. Ujumbe wa "Umeingiza data batili" uondoe kabisa, unamgombeza mtu aliyeandika jina kama anavyolitamka.

Ukimaliza, zima data ya simu, tafuta jina ambalo limo, kisha mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona programu yako. Muulize, "Huyu mteja yupo au hayupo?" Akikujibu "hayupo", rudi ukauandike upya ule ujumbe.