Kwa mnaoanza chuo: notsi ziandike ili zije kukuuliza maswali

Wadogo zangu mnaoanza chuo, karibuni sana. Mimi nimeshamaliza na sasa nasaidia kuendesha semina za mwaka wa kwanza, kwa hiyo madaftari ya watu naona mengi, na kuna kitu kinajirudia kila semista mpaka kinaniuma: unakuta mwanafunzi ana notsi nyingi, mwandiko umenyooka, vichwa vya habari vina rangi, afu ukifunika lile daftari ukamuuliza swali moja tu la pindi la jana anabaki anakutazama. Sio kwamba hana akili, na wala sio mvivu, maana kuandika kurasa zote zile ni kazi. Shida ni kwamba zile notsi kaandika za kutunza, hajaandika za kujiulizia maswali, na hiyo tofauti ndo inakuja kujionyesha kwenye pepa.

Ngoja niwape mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mko kwenye pindi la moyo, slaidi imeandikwa "Ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa ventrikali ya kulia", ventrikali ni vile vyumba viwili vya chini vya moyo vinavyosukuma damu. Darasa zima linainama linakopi hiyo sentensi. Wakati watu wanakopi lekchara anaendelea kuongea, anasema ni kwa sababu ule upande wa kushoto unasukuma damu iende mwili mzima, juu kichwani mpaka chini kwenye vidole vya miguu, wakati wa kulia unaipeleka kwenye mapafu tu ambayo yapo pale pale jirani na hayahitaji presha kubwa. Sasa angalia kilichotokea, sentensi ya kwenye slaidi utaikuta kesho, utaikuta mwezi ujao, utaikuta hata usiku wa kuamkia mtihani kwa sababu slaidi mara nyingi mnatumiwa. Ile "kwa sababu" haikuandikwa popote, imetoka mdomoni mwa mtu na imeishia hewani. Na mtihani hautakuuliza ukuta upi ni mnene, utakwambia eleza kwa nini.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nachowaomba mshike, ukiwa darasani usiandike kilichopo ubaoni kabla hujasikia kinachosemwa. Andika kifupi sana, mfano "V. kushoto nene: mwili mzima, presha kubwa. Kulia: mapafu tu, karibu, presha ndogo". Imetosha hiyo. Hakuna sentensi kamili, hakuna kupamba, vifupisho unatengeneza vyako mwenyewe ilimradi viwe vile vile semista nzima. Na sikiliza zile kauli za lekchara kama "tofauti kubwa hapa ni", "watu wengi wanachanganya", "hii itawasaidia mbele", au akirudia jambo mara ya pili kwa maneno mengine, hapo weka alama ya nyota pembeni bila kufikiria mara mbili. Akitoa mfano uandike mfano, kwa sababu maana ya neno utaipata kwenye kitabu ila mfano aliouchagua yeye huupati kwingine, na mara nyingi ndo unaonyesha anavyofikiria na atakavyouliza.

Karatasi yenyewe igawe kabla pindi halijaanza. Kuna mpangilio naupenda kuliko yote, ulitengenezwa miaka ya 1950 na Walter Pauk aliyekuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, na mpaka leo unaitwa kwa jina la hicho chuo. A4 ina upana wa sentimita 21, toka ukingo wa kushoto pima kama 6 hivi piga mstari wa wima, afu chini ya ukurasa acha kama sentimita 5 piga mstari wa kulala. Lile eneo kubwa la kulia ndo unaandikia darasani. Upande wa kushoto wakati wa pindi hauguswi kabisa, unabaki mweupe, na hapa ndo wengi wanashindwa kuvumilia wanaanza kujazia notsi zilizokosa nafasi, tafadhali usifanye hivyo, ikijaa geuza ukurasa.

Ule weupe wa kushoto ndo moyo wa mpango mzima. Siku hiyo hiyo, ukishapumzika kidogo, unarudi unasoma ulichoandika kulia na kushoto unaandika maswali yake. Kwenye mfano wetu utaandika "Kwa nini ukuta wa kushoto mnene?" sawa, hilo ni swali jepesi. Sasa jikaze uandike na la pili ambalo lekchara hakulisema, mfano "Presha ya kwenye mapafu ikipanda kwa muda mrefu, ukuta upi utanenepa?" Jibu ni wa kulia, kwa sababu sasa yeye ndo anasukuma kwa nguvu kuliko kawaida yake, na umelipata bila mtu kukufundisha, umelitoa kwenye ile "kwa sababu" uliyoiwahi. Swali la namna hiyo ukiweza kulitunga mwenyewe jua hiyo mada umeielewa. Ukishindwa kutunga hata moja basi hiyo sehemu hujaielewa, na ni bora umejua leo jioni kuliko kugundulia ndani ya chumba cha mtihani. Kule chini kwenye zile sentimita 5 unaandika sentensi mbili tatu kwa maneno yako, ukurasa huu unahusu nini.

Kwa nini nasisitiza siku hiyo hiyo? Mjerumani mmoja anaitwa Hermann Ebbinghaus alichapisha kazi yake mwaka 1885, alikuwa anajipima mwenyewe, anakariri orodha za silabi zisizo na maana afu anaangalia baada ya muda zimebaki ngapi. Alichokiona ni kwamba kusahau hakuendi taratibu kwa usawa, kunakwenda haraka sana kwenye masaa ya mwanzo halafu baadae ndo kunapungua kasi. Pindi lenye mantiki linakaa kichwani zaidi ya silabi za hovyo, ni kweli, lakini zile "kwa sababu" ndogo ndogo alizozisema mtu kwa kupita ndo za kwanza kuondoka. Ukirudi jioni bado unakumbuka ule mshale ulimaanisha nini, ukirudi baada ya wiki mbili unaangalia mwandiko wako mwenyewe na huuelewi. Nusu saa kwa pindi moja inatosha kabisa. Na naomba hiyo nusu saa usiitumie kuhamishia notsi kwenye daftari lingine ili zipendeze, watu wanapoteza jioni nzima hapo, mkono unachoka, kichwa kimelala.

Swali ambalo naulizwa kila mwaka ni laptop au peni. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walitoa utafiti uliosemwa sana, wanafunzi waliotumia laptop waliandika maneno mengi zaidi na walikuwa wananakili karibu neno kwa neno, na kwenye maswali ya kuelewa dhana walifanya vibaya kuliko walioandika kwa mkono. Ila tuwe wakweli, watafiti wengine waliorudia baadae, wapo wa mwaka 2019, hawakupata tofauti kubwa namna ile. Kwa hiyo mimi simkatazi mtu laptop, nachosema ni kwamba kasi ya vidole inakuvuta uandike kila kitu kama karani wa mahakama, na peni kwa sababu ni ya taratibu inakulazimisha uchague. Kama unaweza kuchagua huku unataipu, endelea. Masomo yenye michoro na milinganyo mingi hapo sina mjadala, shika peni.

Tukija kwenye vifaa, hapa ntaenda haraka maana vifaa havisomi. Peni ya kawaida, ile ya wino wa mafuta, inakauka haraka na haipenyi karatasi sana, kwa kuandika mbio ndo ya kuaminika. Peni za jeli zinateleza vizuri mkononi ila wino unachelewa kukauka, na kama unatumia mkono wa kushoto kiganja kinapita juu ya maandishi kinachafua ukurasa wote, kwa hiyo jaribu kwanza kabla hujanunua pakti nzima. Kuna peni za wino unaofutika kwa kusugua, hizo muwe nazo makini sana, wino wake unapotea kwa joto, na joto lenyewe likifika kama nyuzi 60 linatosha, kwa hiyo daftari likiachwa ndani ya gari lililopaki juani unaweza kulikuta jeupe. Kwenye mtihani ndo usiiguse kabisa. Hailaita moja yatosha, na usipake kabla hujasoma ukamaliza aya nzima, maana mtu akipaka huku anasoma mara ya kwanza kila kitu anakiona muhimu na ukurasa unageuka njano wote.

Kuhusu kauntabuku au karatasi za kuchomoa kwenye faili, chagua unavyoishi. Faili la pete linakuruhusu kuingiza handauti na slaidi ulizoprinti pale pale kwenye mada yake, ila kama wewe ni mtu wa kuahirisha kupanga basi karatasi zitapotea, chukua kauntabuku, daftari moja somo moja. Vyovyote iwavyo juu ya kila ukurasa weka tarehe, jina la somo na namba ya ukurasa. Inaonekana kitu kidogo lakini siku karatasi zikikuanguka sakafuni utajua kwa nini nimeandika. Na mwanzoni mwa daftari acha kurasa mbili tupu kwa ajili ya yaliyomo, kila ukimaliza pindi unaongeza mstari mmoja.

Sasa kwenye kupiga msuli wenyewe. Watu wengi kusoma kwao ni kupitia notsi tena na tena, na inadanganya sana kwa sababu kila ukirudia yanakuwa rahisi, unahisi umeshika. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili, kila mwanafunzi alipewa makala mbili, moja akaisoma na kuirudia kuisoma, nyingine akaisoma mara moja afu akajipima kwa kuandika anachokumbuka bila kuangalia. Waliopimwa baada ya dakika 5 walikumbuka zaidi ile waliyorudia kuisoma, asilimia 81 kwa 75. Kwa waliopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka, ile waliyojipima imebaki 56, ile waliyorudia kuisoma imeshuka mpaka 42. Pepa lako haliji baada ya dakika 5. Na mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu 10 za kusomea, kupaka hailaita na kurudia kusoma wakaviweka kwenye kundi la manufaa madogo, zilizoshika nafasi ya juu ni mbili, kujipima na kugawanya kusoma kwa siku tofauti tofauti.

Ndo maana nikasema notsi zikuulize. Unachukua karatasi nyingine unafunika upande wa kulia, unabaki na maswali yako ya kushoto, unajibu kwa sauti au kwenye karatasi chakavu, afu unafunua unaangalia. Uliyokosa yawekee alama, kesho anza na hayo. Uliyoyapata mara tatu kwa siku tofauti yaache kwanza, rudi kwayo wiki ijayo. Usijibu kichwani tu kwa kusema "hii naijua", hapo ndo tunajidanganya wote, liandike au litamke mpaka mwisho wa sentensi.

Kurekodi pindi kwa simu, omba ruhusa kwanza, na jua kwamba saa moja ya sauti inataka saa moja ya kusikiliza ambayo huna. Mi nashauri kama umerekodi andika dakika pembeni ya notsi pale ulipopotea tu, mfano "dk 34", usikilize hicho kipande basi.

Na kuna siku utaumwa, utakosa pindi, utaazima madesa ya mwenzako. Usipige picha ukaondoka nayo, ile picha itakaa kwenye simu mpaka semista iishe. Pitia slaidi kwanza peke yako, andika maswali yako kwenye upande wa kushoto, afu mtafute huyo mwenzako kwa dakika kumi, mwambie akueleze lekchara alisema nini ambacho hakipo kwenye slaidi, na anavyoeleza wewe ndo unaandika kulia.