Diski inacheza kwa kompyuta, mbona deki inaikataa?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi hupiga video za harusi na mazishi huku Mumias. Niligawa diski 40 za harusi moja, na kwa kompyuta yangu zote zilikuwa zinacheza vizuri. Sasa karibu nusu zimerudi, wenyewe wanasema deki inaandika hakuna diski. Zilikuwa DVD+R. Mwenye duka ananishauri ninunue DVD-RW, eti ni bora kwa sababu hufutika. Fundi mwingine hapa sokoni amewaambia wateja wangu leza za deki zao zimechoka. Ninunue aina gani?

JIBU: Ndugu yangu, nunua DVD-R ya kawaida, ya safu moja, gigabaiti 4.7. DVD-R ilitoka mwaka 1997 na DVD+R ikafuata 2002, kwa hiyo deki nyingi za zamani zinaitambua ile ya kwanza kwa urahisi zaidi. DVD+R yenyewe si mbaya. Ina sehemu ndogo inayoiambia deki hii ni diski ya aina gani, na baadhi ya draivu (mashine za kuchomea diski kwenye kompyuta) zinaweza kuandika hapo kwamba ni DVD-ROM, yaani ya kiwandani, deki ikaikubali. Lakini si kila draivu inaruhusu, na wewe unagawia watu ambao hujui deki zao.

DVD-RW achana nayo. Uso wake hurudisha mwanga asilimia 18 hadi 30 tu, wakati DVD-R hurudisha 45 hadi 85. Kiwango hicho cha chini ndicho cha diski ya safu mbili, basi deki ya zamani hudhani ina safu mbili, inatafuta ya pili, inaikosa, inakata tamaa. Kufutika kunakufaa wewe unapojaribu kazi. Mteja hakumsaidii kitu.

Sasa tuje kwa maneno yaliyonikera: "kwa kompyuta yangu zote zilikuwa zinacheza". Nayasikia kila wiki, kutoka Nakuru hadi Busia. Kompyuta si shahidi. Inasoma diski ambayo haijafungwa, yaani haijakamilishwa baada ya kuchomwa, inasoma mpangilio wowote wa mafaili, na ina programu ya kufungua karibu kila aina ya video. Deki ya nyumbani inajua kitu kimoja: video ya MPEG-2, mtindo wa kubana video wa DVD, ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, kwenye diski iliyofungwa.

Chukua diski moja iliyorudi utazame mafaili yake kwenye kompyuta. Ukikuta faili la MP4 limekaa peke yake, hukutengeneza DVD. Ulihifadhi faili. Nusu ya wateja wana deki mpya zinazoweza kulisoma, nusu hawana. Zile zenye alama ya DivX husoma AVI za mtindo wa zamani, si H.264, mtindo wa kubana video unaotoka kwenye simu na kamera za leo. Na wale wanaobadilisha herufi za mwisho za jina, .mp4 ikawa .avi, wamebadilisha jina tu. Ndani ni ileile.

Ukikuta VIDEO_TS, basi tazama kama diski ilifungwa. Iingize kwenye draivu na ufungue ImgBurn, programu ya kuchoma diski: ikionyesha haijakamilika, unaweza kuifunga sasa hivi kwa programu hiyohiyo bila kuchoma upya. Programu nyingine huacha diski wazi ili uongeze mafaili baadaye, na kwa deki nyingi diski iliyo wazi ni kama haipo. Windows nayo ikikuuliza utaitumiaje diski, chaguo la kwanza huifanya kama flashi. Usilichague kamwe kwa kazi ya mteja. Hata lile la pili halibadilishi MP4 kuwa DVD.

Kutengeneza kwenyewe kuna programu ya bure, DVDStyler. Weka PAL, mfumo wa picha wa TV za kwetu, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, sauti AC-3 kilobiti 192 au 224. Hesabu ya nafasi ni rahisi: harusi ya saa mbili inakuachia takriban megabiti 5.2 kwa sekunde, sauti ikiwemo, kwa hiyo weka video 4.8. Saa moja unaweza kufika 8. Usipite hapo hata kama kanuni inaruhusu 9.8, kwani diski ya kuchomwa ndani ya deki dhaifu itakwamakwama. Harusi ya saa nne igawe diski mbili. Wanaoibana yote kwenye moja ndio wanaowapa watu bibi harusi mwenye uso wa miraba.

Choma kwa kasi ya 4x au 8x, hata kama diski imeandikwa 16x, na uache programu ikague baada ya kuchoma. Tumia laptopu yenye betri iliyojaa: stima ikipotea katikati, DVD-R hiyo imekwisha. Kabla ya kununua boksi zima, nunua diski moja utazame kwenye ImgBurn msimbo wa kiwanda kilichoitengeneza, maana jina la nje ni moja na viwanda ni vingi. Stika za karatasi usibandike, huifanya diski iyumbe inapozunguka. Andika kwa kalamu laini ya diski.

Kuhusu huyo fundi wa leza, waonye wateja wako mapema. Kwenye kichwa cha leza kuna kiskrubu kidogo kinachorekebisha mkondo wa umeme. Akikizungusha kidogo, leza inawaka kwa nguvu, diski yako mbovu inasomeka, anapokea pesa, watu wanamsifu. Leza hiyo sasa inapata mkondo kuliko kipimo chake na maisha yake yanafupika; baadaye hata diski ya kiwandani haitaiona. Wengine wanasugua diski kwa dawa ya meno. Diski mpya haina mkwaruzo, dawa itatibu nini?

Kabla mtu hajafungua deki yake, aweke diski halisi ya kiwandani, DVD wala si CD ya nyimbo. Ikicheza bila kukwama, leza ni nzima. Diski yako ndiyo inayorudi kwako.