Jibu: "nice" kwa wanafunzi Wakorea

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uwaelezeje wanafunzi wako Wakorea neno la Kiingereza "nice", na limetoka wapi. Anzia kwenye wanalolijua: Wakorea hupaza sauti "naiseu!" mchezaji akipiga mpira vizuri. Ila kwao hilo ni neno la kupongeza hasa, ilhali Mwingereza husifia nalo mtu, chai, hata hali ya hewa. Kwa hiyo usiwape neno moja la Kikorea. Mwenye moyo mwema ni "chakhada", mhudumu mkarimu ni "chinjeolhada", hali ya hewa nzuri ni "jota". Waandikie sentensi tatu ubaoni, wachague wenyewe.

Asili yake ndiyo tamu. Ni Kilatini "nescius", yaani asiyejua: "ne" inakanusha, "scire" ni kujua. Likapitia Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza likimaanisha mpumbavu! Baadaye likawa mtu mchaguzi kupita kiasi, kisha kitu cha umakini, na maana ya kupendeza ikashika karne ya 18. Ule umakini haujafa: "a nice distinction" ni tofauti ndogo sana, wala si tofauti nzuri. Hapo tua kidogo, wapate kufikiri.