Kirukia cha mwembeni na tochi ya noti

SWALI: Shikamoo mjomba. Mwembe wetu hapa Shela umeshikwa na kirukia, mmea unaoota juu ya miti mingine, na maua yake mekundu nayapenda mno. Nimesikia nyuki huona alama kwenye maua ambazo sisi hatuzioni. Nikaazima tochi ya dukani ya kukagulia noti, nikapiga picha usiku. Zote zambarau! Nimekosea wapi?
Msomaji, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Tochi ile hulimulika ua kwa urujuanimno, mwanga uliopita zambarau ambao macho yetu hayauoni, nalo likang'aa kwa mwanga wa kawaida, kama noti inavyong'aa. Zambarau ni ya tochi yenyewe. Nyingi hutoa mwanga wenye mawimbi ya nanomita 395 hivi, mpakani kabisa mwa macho yetu. Anachofuata nyuki si mng'ao huo. Yeye huona urujuanimno wa jua unaorudishwa na petali.

Kamera yako haiuoni, hata uibembeleze. Mbele ya kihisi, kile kinachopokea mwanga ndani yake, pana kioo cha kuuzuia, na lazima fundi akitoe. Lenzi nayo iwe ya vioo vichache. Mimi natumia kuukuu ya mashine ya kusafishia picha, niliyoipata kwa mzee aliyefunga studio yake Malindi. Kisha kichujio cheusi, kinachopitisha urujuanimno peke yake.

Hapo usibane pesa. Changu cha kwanza kilikuwa rahisi, kikavujisha infraredi, mwanga mwingine usioonekana uliopita wekundu, na wiki nzima nikawaonyesha watu picha za uongo. Majani ndiyo yaliyoniumbua: yalitoka meupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Kwenye urujuanimno majani huwa meusi. Jaribu kwanza kwa alizeti: ncha za petali zitang'aa, sehemu zake za ndani, karibu na kitovu, zitakuwa nyeusi, duara zima kama jicho. Usipoliona jicho hilo, kirukia kiache kwanza.

Piga adhuhuri, jua likiwa kali, maana alfajiri urujuanimno ni haba. Lakini picha moja yaweza kuchukua sekunde kadhaa, na kusi ikivuma tawi halitulii, ngoja maleleji, upepo utulie. Mimi huchuma kijitawi nikakibana uani, tangu siku sisimizi majimoto waliponishusha ngazini na kamera shingoni.

Na alama za nyuki usizitarajie sana. Ua refu jekundu la kirukia mgeni wake ni ndege chozi. Akiligusa lililokomaa, hufyatuka na kumwagia chavua usoni. Basi piga mawili, lililofunga na lililofyatuka, kwa mwanga wa kawaida na kwa urujuanimno, uniletee yote manne.