Zahanati ina kufuli, kundi linatukanana

SWALI: Bibi Karani, shikamoo. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa kundi la WhatsApp la wadi yetu, huku Pwani ya Kenya. Tuko watu mia nne na ushei. Tulilianzisha kwa ajili ya zahanati: jengo limekwisha, rangi imepigwa, lakini mlango una kufuli kwa kuwa hakuna muuguzi. Akina mama bado wanapakiwa kwenye bodaboda usiku wakiwa na uchungu. Sasa kundi limekuwa uwanja wa matusi, watu wa mbunge huku, watu wa mwakilishi wadi kule. Wenzangu wengine wanataka siasa ipigwe marufuku, wengine wanasema tuwatoe wakorofi. Na kaunti ikiita watu ukumbini kutoa maoni ya bajeti, huenda wachache, wakatia sahihi, wakangoja nauli. Tufanyeje?
*Msimamizi aliyechoka*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Siasa usiipige marufuku. Muuguzi hulipwa kwa pesa za umma, na pesa za umma hugawanywa na wanasiasa. Ukiitoa, mtabaki na salamu za Ijumaa na picha za maua. Wala usiwatoe watu wa upande mmoja. Kundi la wanaokubaliana watupu ni mkutano wa kampeni, na mkienda nalo ofisini mtaambiwa hivyo hivyo. Anayetukana kabila la mtu, huyo mtoe siku hiyo hiyo. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 haina mzaha naye.

Ila nusu ya ugomvi wenu haina mwenyewe. Mbunge mnamshambulia na kumtetea bure, maana Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti zahanati. Shule ya msingi ikikosa mwalimu, hilo la serikali ya kitaifa. Chekechea ikikosa, la kaunti. Yaandike haya kwenye maelezo ya kundi, kila anayeingia ayakute.

Sasa hapo kwenye kufuli. Nimekuwa karani wa kamati za kijiji miaka mingi, na kila tulipoitwa tuliulizwa mnataka mradi gani. Nasi tukajibu majengo: darasa, soko, zahanati. Jengo huingia kwenye matumizi ya maendeleo, nayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa hesabu ya miaka kadhaa, iende huko. Mshahara wa muuguzi haumo humo. Uko kwenye matumizi ya kawaida, kurasa nyingine kabisa, ambazo katika mikutano ya wadi ni nadra mtu kuzifungua. Ndiyo maana mwenye kukata utepe hapungui, mwenye kufungua mlango hapatikani. Msiseme tena "tunataka zahanati". Mnayo. Semeni: muuguzi, dawa, umeme, katika bajeti ya idara ya afya.

Jiandaeni na jibu. Mtaambiwa mishahara imegonga kikomo, kwa sababu kanuni za 2015 za sheria hiyo hiyo ya fedha zinaizuia kaunti kutumia zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Huenda ni kweli. Basi ulizeni la pili: wauguzi walioajiriwa tayari wako wangapi kila kituo, na je, mmoja anaweza kuhamishwa? Swali hili lipelekeni kwa maandishi. Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki ya habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Wakinyamaza, mlango wa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, uko wazi.

Mjue na majira. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya sera ya fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ni katika taarifa hiyo ya Februari kila idara hukatiwa kiasi chake, kwa hiyo anayelia Juni amechelewa, hata akilia kwa ufasaha.

Kundini, wiki moja iwe ya jambo moja. Jumatatu uliza swali lenye jibu: ni nani wa mtaa wenu aliyejifungulia njiani au mbali mwaka huu, na alilipa nauli kiasi gani? Majina ya wagonjwa yasitajwe. Ruhusu meseji za sauti, maana wako wazee wenye hoja nzuri wasiopenda kuandika. Ijumaa funga mjadala, wasimamizi pekee waandike, mtoe muhtasari wa ukurasa mmoja ukiwa na pande zote mbili. Kura ya kundini isiwadanganye: wenye kabambe, simu ndogo zisizo na WhatsApp, hawamo, na wengi wao ni hao hao akina mama. Muhtasari usomwe kisimani, stegi ya bodaboda, baada ya sala msikitini na kanisani, na wanaoongeza neno waandikwe.

Ukurasa huo ndio mwende nao ukumbini, nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Sahihi kwenye orodha ya mahudhurio inathibitisha kuwa ulikuwepo. Haisemi ulitaka nini. Nauli chukueni, sioni haya kulisema, mtu ameacha biashara yake. Lakini msitoke kabla ukurasa wenu haujasomwa kwa sauti. Ukipuuzwa, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa yeyote haki ya kuwasilisha ombi rasmi katika bunge la kaunti. Hapo mwakilishi wadi wenu atapata nafasi ya kusema mbele ya wenzake, na akisema, watu wake kundini watakuwa na kitu halisi cha kumtetea nacho.

Na ile orodha ya mahudhurio, yenye nambari za vitambulisho na za simu, usiipige picha ukaitupa kundini. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wapo matapeli.