Maswali ya wasomaji: "Water" ni noun au verb?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mdogo wangu yuko kidato cha kwanza, shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili na sasa masomo karibu yote ni Kiingereza. Parts of speech (aina za maneno) zote kazikariri, ukimuuliza noun ni nini anajibu fasta "ni jina la mtu, mahali au kitu", ila akipewa sentensi anakwama. Juzi kapewa "We water the flowers every morning" atafute verb, akaandika hakuna, eti water ni noun manake maji ni kitu. Akakosa. Mi nilikua upande wake, kwani maji si kitu jamani? (Msomaji, Singida)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Maji ni kitu kweli, na mwalimu wake nae yuko sahihi. Shida iko kwenye ile maana aliyokaririshwa, inamfundisha kuliangalia neno likiwa peke yake, wakati kwenye Kiingereza neno likiwa peke yake mara nyingi huwezi kujua ni la aina gani mpaka uone linafanya kazi gani kwenye sentensi. Hapo nani anafanya? We. Wanayafanya nini hayo maua? Wanayamwagilia, na neno lililobeba huko kumwagilia ni "water", basi hicho ni kitenzi, yaani verb. Hebu badilisha muda, sema "We watered the flowers yesterday", umeona limekubali -ed? Nomino, yaani noun, haiwezi hiyo. Sasa weka "The water is cold", hapo limetanguliwa na "the" na lenyewe ndo linasemwa kuwa ni ya baridi, limerudi kuwa nomino.

Kiswahili kimetudekeza, kwetu neno linatembea na kitambulisho chake shingoni. Ukisikia "tunamwagilia" tu, hata bila sentensi nzima, ile tu- na ile -na- zishakwambia ni kitenzi, nani anafanya na lini. Hakuna mtu atasema "tunamaji maua". Kiingereza cha miaka elfu moja iliyopita nacho kilikua na miishio mingi kwenye maneno yake, ikapukutika taratibu, sasa hivi sehemu kubwa ya hiyo kazi imeachiwa nafasi ya neno kwenye sentensi.

Chukua "round". "A round table" ni kivumishi (adjective), meza ya duara. "The last round" ni nomino, raundi ya mwisho ya ngumi. "The bus rounded the corner" ni kitenzi, basi limekata kona. "She turned round" ni kielezi (adverb), "We sat round the fire" ni kihusishi (preposition). Neno ni lilelile na kazi ni tano. Sasa mtoto aliyekariri kwamba round ni adjective atafanyaje hapo?

Alafu kuna kitu nataka umwangalie sana manake hapa ndo nasahihisha makosa mengi kuliko kwengine kote, ni kwamba aina ya neno la Kiswahili haihami nalo kwenda Kiingereza. Sisi tunasema "nina njaa", njaa ni nomino, Waingereza wanasema "I am hungry", hungry ni kivumishi, ndo maana mtoto anaandika "I have hungry". Sisi "naogopa" ni kitenzi, kwao "I am afraid" afraid ni kivumishi, anaandika "I afraid". Akishashtuka kwamba "am" imesahaulika anaanza kuiweka kila mahali mpaka anatoa "I am agree", na agree ni kitenzi kamili, haitaki am. Mpe zoezi, achukue "light", "book", "cook", kila moja alitungie sentensi mbili zenye kazi tofauti ("I want to book a ticket" ni mfano mzuri), alafu akueleze kwa Kiswahili kila neno linafanya nini pale.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, kitabu kimoja kinasema parts of speech ni nane, kingine tisa. Watoto wananibana. (Mwalimu, Kilifi)

JIBU: Vyote viko sawa. Hesabu ya nane imetoka kwa Wagiriki, kwenye kitabu cha sarufi kinachohesabiwa kuwa cha Dionysius Thrax, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Yeye vivumishi aliviweka ndani ya nomino, ila "the" ya Kigiriki akaipa chumba chake. Warumi walipoichukua wakakuta Kilatini hakina "the", wakaitoa, wakaingiza vihisishi (maneno ya mshangao kama "lo!"), hesabu ikabaki nane. William Bullokar alipochapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586 akafuata mkondo huohuo wa Kilatini, na Lindley Murray mwaka 1795 akahesabu tisa, "a" na "the" zikiwa aina inayojitegemea. Kwahiyo waambie watoto tofauti ni pale "a" na "the" zinapokaa tu, anayesema nane kazitia humo kwenye adjective. Wataalamu wengi wa sasa wanaziweka kundi moja na "this" na "my". Kwa mtihani fuata kitabu cha mtaala wenu.

SWALI: Nafanya kazi hotelini Zanzibar. Nilimwambia mgeni "I work hardly every day" akanishangaa. Si tunaambiwa adverb inaongezwa -ly? (Msomaji, Nungwi)

JIBU: Umemwambia kazi hufanyi, au unaigusa kwa nadra mno. "Hardly" ni kielezi kweli ila maana yake ni "karibu na hakuna kabisa". "Hard" yenyewe ni kivumishi na ni kielezi, haiongezwi kitu, sawa na "fast". "Late" nayo ni hivyohivyo, ukiipa -ly inakuwa siku za karibuni. Na sio kila chenye -ly ni kielezi, "friendly" na "lovely" ni vivumishi. "Good" na "well" ndo rahisi kwetu kabisa, ni mzuri na vizuri. Mgeni mwingine akija mwambie "I work hard every day", na ukimsifia mpishi wenu sema "He is a good cook, he cooks well".